Thiam, hooks, Crenshaw, Collins au Oyěwùmí: wanawake wa Bukavu tuanze kumsoma nani?

"Ile kitabu inasema nini juu ya mugongo yangu?"

Aliyeuliza ni mama mmoja anayebeba mizigo Beach Muhanzi, gati la maboti hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, Jumamosi ya kwanza tulipokutana kusoma. Alikaa karibu na mlango, kamba yake ya kubebea ameizungusha kwenye kifundo cha mkono. Mbele yetu kulikuwa na kurasa chache tulizozichapa kutoka kwenye simu, na mwanafunzi mmoja wa sheria alikuwa ametusomea nusu saa nzima habari za makutano ya mifumo ya ukandamizaji. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akauliza. Mimi niliyewaita watu ndiye niliyepaswa kujibu, na sikuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo kila nadharia naipeleka Beach kwanza. Nawaza asubuhi maboti yanapofika kutoka Idjwi na Kalehe, magunia ya makala na ya unga yanashushwa, kamba inapita kwenye paji la uso, na mwanamke anaanza kupanda mlima akiwa na mzigo unaomzidi uzito. Ninamwekea mwandishi mwanamke huyo mmoja na kumwuliza: unamwona? Na ukimwona, unamwambia nini?

Naandika haya kwa sababu makundi ya kusoma yanazidi kuota hapa mjini, na swali linanifikia kutoka Bagira, kutoka Ibanda, hata kwa wadogo zetu wa Goma: dada, tukitaka kusoma mawazo ya wanawake weusi wenyewe kuhusu ukombozi wa mwanamke, tuanze na nani? Majina matano ndiyo yanayorudi kila mara. Wengi wao wanapinga jambo lilelile: kwamba vitabu vilipotaja "mwanamke" vilimfikiria mwanamke mweupe mwenye nafasi yake, na vilipotaja "mtu mweusi" vilimfikiria mwanamume. Baada ya hapo kila mmoja anashika njia yake, na njia hizo hazilingani kwa faida yake kwa kundi kama lenu.

Crenshaw, kwa wenye kesi

Kimberlé Crenshaw ni mwanasheria wa Marekani. Makala yake ya 1989 ndiyo iliyoleta neno intersectionality, ambalo kwa Kiswahili wengi wanalitafsiri "makutano". Mimi napenda kusema njia panda, maana picha aliyoitumia mwenyewe ni ya mtu aliyegongwa pale barabara zinapokutana. Kesi mojawapo aliyoijenga hoja yake juu yake ni ya wanawake watano weusi walioishtaki General Motors. Kampuni ile haikuwa imemwajiri mwanamke mweusi hata mmoja kabla ya 1964. Ilipopunguza watu kwa kuanza na walioingia mwisho, wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya 1970 walijikuta nje. Mwaka 1976 mahakama ilikataa kuwasikiliza kama wanawake weusi. Kwa upande wa jinsia, ilisema kampuni iliajiri wanawake, bila kujali kwamba hao walikuwa weupe. Kwa upande wa rangi, ikawaelekeza wajiunge na kesi nyingine. Kila barabara ilisema gari lililowagonga si langu.

Tumpeleke Beach. Hapa mwenye gunia ni mweusi, mbebaji ni mweusi, anayedai kodi ya soko ni mweusi. Barabara ya rangi haionekani haraka, ingawa ipo chini kabisa, katika jinsi mji huu ulivyojengwa. Lakini barabara nyingine zinaonekana: kuwa mwanamke, kuwa maskini, kuwa umekimbia kijiji kwa sababu ya vita, kutojua Kifaransa cha ofisini. Na iko njia panda moja ya sheria ambayo Crenshaw angeitambua mara moja. Sheria yetu ya familia ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliifuta ruhusa hiyo, na ni ushindi ambao wanawake wengi waliutolea jasho, ingawa mume amebaki ameandikwa kuwa mkuu wa nyumba. Sasa, kwa sheria, mke wa mwalimu au wa mfanyabiashara anaweza kwenda banki akafungua konti bila barua ya mtu. Mama wa Beach aliolewa kwa ng'ombe, ndoa yake haijaandikishwa komini, na konti hana. Mila inamhesabu kuwa mke anapotakiwa kutii. Akidai sehemu ya shamba, serikali inamwuliza cheti.

Kwa hiyo, kama kundi lenu lina wanasheria, au ni shirika linaloandika mashitaka na ripoti, Crenshaw ndiye wenu, na makala yake ya 1991 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake imetafsiriwa kwa Kifaransa. Kama ni kundi la kusoma tu, asiwe wa kwanza. Anakufundisha kuona mahali ajali inapotokea. Hakuambii Jumatatu uamke ufanye nini. Tena hapa kwetu neno lake limechoshwa na fomu za miradi, ambako mwanamke anawekewa alama ya mjane, ya mkimbizi, ya mlemavu, kisha faili linafungwa. Hilo si kosa lake, lakini mkianza naye mtaanza na harufu ya fomu.

Collins, kwa wanaoandika juu ya wanawake

Patricia Hill Collins ni mwanasosholojia. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1990, na Kifaransa chake kipo tangu 2016. Ni kizito, nasema kweli. Kuna kurasa nilizozisoma mara nne. Lakini ndani yake kuna wazo moja ambalo kila mtu wa Bukavu anapaswa kulijua, na hapo nitakaa kidogo.

Anasema kwamba kutawala watu kunahitaji picha zao. Wanawake weusi wa Marekani walichorewa picha kadhaa: mtumishi mnene mwenye furaha anayewapenda watoto wa bwana kuliko wake, mama mkali anayewavunja wanaume, mama anayekula msaada wa serikali bila kazi, mwanamke asiyeshiba wanaume. Picha hizo hazielezi mtu yeyote. Kazi yake ni kufanya mateso ya mwanamke yaonekane kuwa ya kawaida, au kuwa kosa lake.

Sisi tumechorewa zipi? Ya kwanza inajulikana duniani kote. Kazi ya hospitali ya Panzi, inayowatibu waliobakwa, ni ya kweli, wanawake waliotibiwa pale ni mama zetu na watoto wetu, na Nobel ya daktari Mukwege ya 2018 ilitutoa machozi. Picha ilizaliwa mahali pengine, katika ripoti na makala ambamo mwanamke wa Kivu ana sura moja tu, ya aliyebakwa, na hana kitu kingine alichowahi kufanya au kufikiri. Mwaka 2010, tarehe 17 Oktoba, Mwendo wa Dunia wa Wanawake ulifungia safari yake hapa Bukavu, na maelfu ya wanawake wakajaza barabara za mji huu. Wangapi huko nje wanaikumbuka Bukavu kwa siku ile?

Picha ya pili tumeichora wenyewe, na ndiyo inayoniuma zaidi. Ni mama wa nguvu. Mama asiyechoka, nguzo ya nyumba, tunayemwimbia tarehe 8 Machi akiwa amevaa kitenge kipya. Collins anatufundisha kuitilia shaka hata sifa. Mwanamke aliyesifiwa kwa nguvu haombwi aketi. Gunia anaongezewa, kwa kuwa tumekubaliana wote kwamba anaweza. Nilipoieleza hivyo kwenye kundi, mama wa Beach alicheka kwanza, kisha akanyamaza muda mrefu.

Kuna mahali Collins hafiki kwetu. Sehemu kubwa ya fikra zake inatokana na mwanamke mweusi aliyefanya kazi ndani ya nyumba za weupe, akawa ndani bila kuwa wa ndani, akaona mambo ambayo wenye nyumba hawakujiona nayo. Katika Kongo ya Wabelgiji, wakati Bukavu ikiitwa Costermansville, kazi ile kwa sehemu kubwa ilishikwa na wanaume, "boyi" wa jikoni na wa kufua. Bibi zetu waliachwa nje ya geti. Ukimsoma Collins bila kukumbuka hilo utajivisha historia isiyo yako.

Ni wa nani, basi? Ni wa wanahabari, watafiti, wanafunzi wanaoandika memwari juu ya wanawake, na yeyote anayepiga picha za akina mama kwa ajili ya mfadhili. Hao ningewalazimisha. Kwa kundi la mchanganyiko, chukueni wazo la picha mkalijadili kwa mdomo, kitabu chenyewe kisubiri.

Oyěwùmí, na neno "kuolewa"

Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí ni Mnigeria, na kitabu chake cha 1997 kinaanza mbali kabisa na wengine. Anauliza kama "mwanamke", kwa maana ya kundi la watu walio chini kwa sababu ya mwili wao, alikuwepo kwa Wayoruba kabla ya wakoloni. Jibu lake ni hapana. Kilichopanga watu, anasema, kilikuwa umri: nani mkubwa, nani mdogo. Lugha yao haitenganishi "yeye" wa kiume na wa kike.

Msomaji wa Kiswahili anashtuka hapo, maana ndivyo tulivyo. "Amefika" haikuambii ni nani. Hapa Bukavu ukimtaja mukubwa wako au mudogo wako, msikilizaji anangoja jina ndipo ajue kama ni wa kike au wa kiume. Na historia yetu inamwunga mkono kwa sehemu. Wabelgiji ndio waliofungua vituo vya jamii mijini kumfundisha mke kushona na kupika ili afae kuwa mke wa mfanyakazi, na ndio waliomtoza kodi ya pekee mwanamke aliyeishi mjini bila mume. Mengi tunayoyaita mila yana muhuri wa ofisi ya mkoloni.

Lakini Kiswahili hichohicho kina kuoa na kuolewa. Mwanamume anatenda, mwanamke anatendwa, na hakuna mtu aliyetufundisha hivyo kwa Kifaransa. Mwandishi mwingine wa Nigeria, jina lake Bibi Bakare-Yusuf, alimjibu Oyěwùmí karibu na hapo: lugha kutotaja jinsia hakuthibitishi kwamba maisha hayaitaji. Mimi nakubaliana na jibu hilo. Namheshimu sana Oyěwùmí kwa kutuzuia kuiga, ila kitabu chake kikitangulia, wa kwanza kukifurahia atakuwa yule mzee wa ukoo anayesema kwamba zamani mwanamke wetu hakuwahi kudharauliwa, kwa hiyo mjane atulie, shamba litagawanywa na shemeji zake. Msomeni wa mwisho, mkiwa mmeshakomaa, na mumsome kwa kubishana. Kipo kwa Kiingereza. Mtahitaji mtu wa kuwatafsiria.

hooks, na yule binti aliyebaki na watoto

bell hooks ni mwandishi mweusi wa Marekani. Jina lake kwa herufi ndogo, kama alivyotaka mwenyewe. Alilichukua kwa mama wa bibi yake. Alizaliwa 1952 Hopkinsville, Kentucky, akafa Desemba 2021. Kitabu ninachokizungumzia ni kile cha 1984, kilichotoka kwa Kifaransa 2017 kwa jina De la marge au centre.

Anaanza na reli. Katika mji wao weusi waliishi ng'ambo ya reli, mchana wakavuka kwenda kuwafanyia kazi weupe, jioni wakarudi. Waliujua mji wote, pembeni na katikati, kuliko waliokaa katikati tu. Ukiwa mtu wa Bukavu huhitaji maelezo. Umewaona asubuhi wakishuka kutoka Kadutu kwenda kufua nguo Muhumba na Nguba, karibu na ziwa, na jioni wakipanda tena mlima kwa miguu. Ukitaka kujua kinachoendelea ndani ya nyumba za Muhumba, kawaulize wao.

Kisha anamkamata Betty Friedan, ambaye kitabu chake cha 1963 kiliwasha moto Marekani kwa kueleza uchungu wa mke msomi aliyechoshwa na kukaa nyumbani. hooks anauliza: akitoka kwenda kazini, nani ataitwa abaki na watoto na usafi wake? Siku tuliyosoma sehemu hiyo chumba kilipoa. Tulikuwa kumi na mmoja, na wanne kati yetu tulikuwa tumeweza kuja kwa sababu kuna binti wa kazi aliyebaki nyumbani na watoto. Wangu alikuwa na miaka kumi na sita, na sijawahi kumwuliza kama angependa kuja kusikiliza. Nilitoka pale nikiwa na deni, na sijamaliza kulilipa. Hakuna mwandishi mwingine kati ya hawa watano aliyeniweka mahali hapo haraka hivyo.

Juu ya kazi ndipo alipomjibu mama wa Beach. Waliosema kwamba kazi itamkomboa mwanamke, anaandika, walisahau kwamba wanawake maskini walikuwa wakifanya kazi siku zote, na kazi yenyewe haikuwakomboa. Iliwachosha na kuwalipa kidogo. Nilimtafsiria mama kwa Kiswahili chetu, polepole. Akasema: "Njo hiyo. Kazi ninayo toka zamani." Anachokosa ni bei, ulinzi, mapumziko, na mtu wa kumsaidia kulitua gunia.

Juu ya undugu wa wanawake, hooks anakataa tuunganishwe na mateso pekee. Anataka tuunganishwe na nguvu na mali tuliyo nayo, kama tunavyofanya kwenye likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ambako hakuna anayeuliza ulipigwa mara ngapi. Unaulizwa umeleta sehemu yako. Kwa mji ambao wageni wengi wanakuja kuhesabu majeraha yetu, hilo ni pumzi.

Na wanaume hawafukuzi. Anawaita wenzi katika mapambano, bila kuwaonea haya. Anaeleza kwamba mwanamume asiye na uwezo wowote nje anaachiwa nyumba aitawale, na anailipiza humo. Mume wa mama yetu hana kazi. Siku mkewe anapochelewa kurudi, aibu yake inageuka hasira. Kusema hivyo hakumsamehe kwa mkono anaouinua. Kunaonyesha tu mzizi uko wapi.

Yapo asiyoyajua. Hasemi kitu juu ya mahari, mama mkwe, wala ndugu wa marehemu wanaofika na gari kubeba vitanda. Maprofesa wamemlaumu pia kwa kuandika bila tanbihi. Aliziacha kwa makusudi ili asiwatishe watu wa kawaida, na anadai mawazo haya yafikishwe kwa mdomo kwa wasiojua kusoma. Kwa hiyo moja ningemsamehe mengine mengi.

Thiam, aliyeanza kwa kusikiliza

Awa Thiam ni Msenegali. Kitabu chake, La parole aux négresses, kilitoka Paris 1978, miaka kumi na moja kabla ya njia panda ya Crenshaw, na tayari kinasema kwamba mwanamke mweusi anabanwa kwa jinsia, kwa tabaka na kwa rangi, vyote kwa pamoja. Kiliandikwa kwa Kifaransa; huhitaji tafsiri. Inanisikitisha kwamba vijana wetu wanajua jina la Crenshaw na hawajui lake.

Nguvu yake iko katika mpangilio. Wanawake wa Afrika Magharibi wanasema kwanza, kwa sauti zao, kuhusu uke wenza, kuhusu kukeketwa, kuhusu kuolewa bila kuulizwa. Mwandishi anakuja baadaye na uchambuzi. Kukeketa si jambo la huku kwetu. Ila uke wenza upo, na yule bibi wa mjini ambaye watu wanamwita biro ya pili yupo, na sura ya kujichubua ngozi ungedhani aliiandikia Kadutu, mbele ya meza ya mafuta.

Kwa uchambuzi hooks anamzidi. Kwa namna ya kuanza, hakuna anayemfikia Thiam.

Uamuzi wangu

Jumamosi nne za kwanza mpeni Thiam, na hata kama hamna kitabu, fuateni mpangilio wake: mwenye kamba aseme kabla ya mwenye kalamu. Baada ya hapo shikeni hooks mwaka mzima. Kama fedha inatosha kitabu kimoja tu, nunueni hooks. Crenshaw mumpe mwanasheria wenu nyumbani kwake, Collins apewe anayeandika, Oyěwùmí aje mwaka wa pili.

Akina mama wa kanisa wasiotaka kabisa kusikia neno "ufeministi" waanze na makala ya Obioma Nnaemeka ya 2004, anayeeleza jinsi wanawake wa Afrika wanavyojua wakati wa kulipua bomu la mfumo dume lililofukiwa na wakati wa kulizunguka. Audre Lorde, mshairi mweusi wa Marekani, nimemwacha nje ya mizani hii kwa sababu anasomwa usiku, peke yako, unapokuwa na hasira. Simwoni katika mkutano wa kwanza.

Sisi tunasoma hivi: mmoja anashika kurasa, anasoma aya kwa Kifaransa, mwingine anaigeuza Kiswahili, na hatuendi mbele mpaka mtu asiyejua kusoma aieleze tena. Kurasa tano kwa saa mbili zinatosha. Sura ya kazi tumeirudia mara tatu. Mara ya tatu walikuwepo wageni kutoka Bagira, na mama wa Beach ndiye aliyewaeleza, bila karatasi, akianza na bei ya kubeba gunia moja kutoka kwenye boti mpaka juu barabarani.